Matangazo ya Chakula na Dhana Potofu Kuhusu Wapenzi wa Jinsia Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, wazazi, na vijana wanaoandika matangazo. Yanarudi kila mara tangazo la chakula linapozua mabishano. Kila jibu linajitegemea. Pale mambo yanapogusana, utaelekezwa kwenye swali jingine.

## Mambo ya msingi

1. Dhana potofu zinazozungumziwa hapa ni zipi hasa?

Ni picha za kukariri. Zinambandika mtu tabia fulani kwa sababu ya anayempenda, au zinamdhania anampenda nani kwa kuangalia anavyotembea, anavyoongea na anachokula.

Katika matangazo ya chakula, kongwe kuliko zote ni ya mwanamume mlaini anayegeuzwa kichekesho: sauti nyembamba, mikono inayorushwarushwa, kaptula ya kubana. Ndugu yake wa karibu ni hofu. Mhusika anaogopa asije akaonekana hivyo, na chokoleti au kipande cha nyama kinakuja kumwokoa. Ipo pia ya ukimya, ambapo kwa miaka mingi familia ya kwenye tangazo imekuwa baba, mama, mtoto wa kiume na wa kike, na wengine wote ni kama hawali. Na ipo ile inayoonekana kama sifa, kwamba wapenzi wa jinsia moja wote wana hela, wamevaa vizuri, na wanajua mvinyo gani unaendana na samaki gani. Hiyo nayo inafuta watu. Mpishi wa hotelini, dereva, mama lishe au kibarua hana nafasi ndani yake.

2. Kwa nini chakula? Si bora kuangalia matangazo ya nguo au manukato?

Kwa sababu chakula chenyewe hakina jinsia, na bidhaa za chakula zinafanana mno. Chokoleti ya karanga ya kampuni moja haipishani sana na ya kampuni nyingine. Anayetaka yake ikumbukwe inabidi aivike kitu, na kilicho rahisi kuvikwa ni uanaume au uanamke.

Mwaka 2006 Burger King nchini Marekani walitoa tangazo la wanaume wanaoandamana barabarani wakiimba kwamba wamechoshwa na chakula cha kike na sasa wanataka nyama. Mwaka huohuo likatoka tangazo la gari la Hummer ambalo mhusika wake mkuu, ukiangalia vizuri, ni tofu, chakula cha soya kinacholiwa badala ya nyama. Mwanamume yuko kwenye foleni ya dukani na tofu na mboga zake. Nyuma yake mwenzake anarundika nyama na mkaa wa kuchomea. Yule wa tofu anatoka pale moja kwa moja kwenda kununua Hummer, na maneno ya mwisho yakamwambia arudishe uanaume wake. Baadaye maneno hayo yalibadilishwa.

Hakuna anayetaja mapenzi ya jinsia moja katika hayo mawili. Lakini mwanamume aliyeambiwa si kamili kwa sababu ya sahani yake anajua vizuri neno linalofuata baada ya hapo. Uwanja wa shule wowote utakufundisha.

3. Si utani tu? Watu siku hizi wanakasirika kwa kila kitu.

Utani upo, na mwingine ni mzuri sana. Kipimo ninachokitumia ni kumwangalia anayechekwa, kisha kuuliza anaponywa na nini. Kama kichekesho kinaisha pale mhusika anapoacha kuwa alivyo ndipo akubalike, tangazo limeshasema kwamba alivyo ni ugonjwa. Kama anachekwa kwa sababu kamwaga mchuzi, au kwa sababu ana uroho wa keki, na mwisho wa tangazo bado ni yeye yuleyule, hapo tumecheka naye.

Jaribu kipimo hicho kwenye matangazo yaliyo katika swali la 5, halafu lile la swali la 7. Utaona tofauti bila kuhitaji nadharia yoyote.

4. Je, kukubaliana na hoja hizi ni kuunga mkono mapenzi ya jinsia moja? Dini yangu hairuhusu.

Hapana. Swali hili linaulizwa kuliko mengine yote kwetu Afrika Mashariki, na linastahili jibu la wazi. Mtu anaweza kushika msimamo wa dini yake kikamilifu na bado aone kwamba kumpiga risasi binadamu kwenye televisheni, hata za chokoleti, ili peremende inunuliwe (tazama swali la 5), ni dhuluma. Sijaona msahafu unaoruhusu kumdhalilisha mtu kwa ajili ya mauzo.

Tena wengi wanaoumizwa na matangazo haya hawana uhusiano wowote na mapenzi ya jinsia moja. Ni mvulana mwenye sauti nyembamba. Ni kijana anayependa kupika kuliko kucheza mpira. Ni mzee asiyekula nyama kwa ushauri wa daktari, na wenzake wanamtania kila harusi. Tangazo halimuulizi mtu anampenda nani kabla ya kumcheka. Linaangalia mwendo wake tu.

## Matangazo yanayotajwa sana

5. Lile tangazo la Snickers lililofutwa ni lipi?

Ni matatu, na watu huyachanganya.

La kwanza lilirushwa Marekani tarehe 4 Februari 2007 wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Mafundi wawili wa gari wameinama kwenye injini. Mmoja anatia chokoleti ya Snickers mdomoni, mwenzake anashindwa kujizuia, anaanza kuitafuna kutoka upande wa pili, mpaka midomo inakutana. Wanaruka kwa mshtuko. Mmoja anasema haraka wafanye jambo la kiume, na wote wawili wanang'oa nywele za vifua vyao huku wakipiga kelele. Mpaka hapo mtu angeweza kubishana. Ila kampuni iliweka pia miisho mingine kwenye tovuti, na katika mmojawapo mafundi wanashambuliana, kwa spana na kwa boneti ya gari. Ziliwekwa pia video za wachezaji wa timu mbili za fainali wakionyesha kuchukizwa na lile busu. Mashirika ya kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, GLAAD na Human Rights Campaign, yalipinga, na ndani ya siku chache tangazo na tovuti vikaondolewa.

La pili ni la Uingereza, 2008. Mwanamume mwenye kaptula ya njano anafanya mazoezi ya kutembea kwa kasi, nyonga zikicheza kama zinavyocheza za kila mwanariadha wa mchezo huo. Mr. T, mwigizaji wa Kimarekani, anatokea na gari kubwa, anamwambia ni aibu kwa wanaume wote, akimbie kama mwanamume halisi, kisha anammiminia Snickers kwa bunduki. Nalo liliondolewa, Julai ya mwaka huo.

La tatu ni la Hispania, Agosti 2021. Aless Gibaja, mtu maarufu wa mitandaoni anayejulikana kwa madaha yake, yuko ufukweni na rafiki yake na anaagiza maji ya machungwa kwa mbwembwe. Mhudumu anampa aiskrimu ya Snickers. Anaing'ata, na papo hapo amekuwa mwanamume mwenye ndevu na sauti nzito. Rafiki anamuuliza kama ana nafuu. Anajibu kwamba ana nafuu. Waziri wa Usawa wa Hispania wakati huo, Irene Montero, alilikemea hadharani, na kampuni ikalifuta na kuomba radhi. Hasira zile zilikuwa na sababu ya karibu: mwezi mmoja tu kabla, kijana Samuel Luiz alikuwa amepigwa hadi kufa mjini A Coruña, na nchi nzima ilikuwa barabarani ikidai haki yake.

Katika yote matatu, tazama dawa ni nini. Maumivu, bunduki, kubadilika mwili. Hakuna hata moja ambalo mhusika anaachwa alivyo.

6. Iweje chokoleti ileile mara tatu? Hawajifunzi?

Yalikuwa matangazo ya nchi tatu tofauti, hivyo sidhani kama kuna mtu mmoja aliyekaa akapanga. Sababu imo katika umbo la kichekesho chenyewe. Tangu 2010 Snickers imejengwa juu ya wazo kwamba ukiwa na njaa hauwi wewe. Tangazo lililolianzisha lilimtumia Betty White, mwigizaji aliyekuwa na miaka 88, akigaragazwa kwenye matope katika mechi ya vijana. Akila chokoleti anarudi kuwa kijana mwenye nguvu. Lilichekesha, na yeye mwenyewe alilibeba vizuri.

Matangazo mawili ya kwanza ya swali la 5 yalitangulia wazo hilo, ila umbo lake ni lilelile: haliwezi kufanya kazi bila kumtafuta mtu anayehesabiwa kuwa pungufu. Leo ni bibi kizee, kesho ni mwanamke mwenye kelele. Mwandishi aliyechoka, tarehe ya mwisho imefika, anamchukua aliye karibu zaidi: mwanamume mlaini. Mtego uko kwenye msingi wa nyumba, na kila anayepanga humo anatumbukia kwa zamu yake.

7. Na lile la Heinz la wanaume wawili? Lilikuwa baya pia?

Hili ni kinyume chake, na linafaa kusomwa pamoja na lile la Snickers la Mr. T (swali la 5) kwa sababu yalitokea nchi moja, katika majira ya kiangazi yaleyale ya 2008.

Heinz walikuwa wanauza mayonezi yenye ladha ya migahawa ya New York. Jikoni asubuhi, badala ya mama, kuna muuza sandwichi wa New York, aproni nyeupe na kofia yake kichwani. Watoto wanamwita mama, wanachukua chakula chao cha shule. Baba anaaga akikimbilia kazini, anaitwa arudi, amesahau kitu. Anambusu yule mpishi. Maana yake ni kwamba mayonezi hii ni kama kuwa na mpishi wa mgahawa nyumbani kwako; yule mwanamume ni mama wa familia kwa sura nyingine.

Malalamiko kama 200 yaliifikia mamlaka ya viwango vya matangazo, na Heinz wakalitoa hewani baada ya muda mfupi. Ndipo upande wa pili ukakasirika: shirika la Stonewall, linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja, likahimiza bidhaa za Heinz zisusiwe, kwa kuwa kampuni imeonyesha kwamba busu la kawaida la kuagana ni jambo la kuonewa aibu.

Kwa kipimo cha swali la 3, tangazo hili linapita. Hakuna anayechekwa kwa kuwa alivyo. Kosa la Heinz lilikuwa kukimbia.

8. Barilla walisema nini kuhusu familia?

Barilla hawakurusha tangazo lolote baya. Septemba 2013, mwenyekiti wao Guido Barilla alisema katika kipindi cha redio nchini Italia kwamba hawezi kutengeneza tangazo lenye familia ya wapenzi wa jinsia moja, kwa kuwa tambi zake ni za familia ya jadi, na asiyependa anaweza kula tambi za kampuni nyingine.

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, ujue kwamba Mulino Bianco, chapa ya biskuti na mikate ya kampuni hiyohiyo, imechora sura ya familia ya Kiitalia kwa miongo mingi: nyumba ya shamba, jua la asubuhi, mama anayetabasamu mezani. Waitalia husema "familia ya Mulino Bianco" wakimaanisha familia iliyonyooka kupita kiasi. Kwa hiyo aliposema nani yumo na nani hayumo, watu walijua anaongea kutoka mahali penye nguvu.

Wapinzani wake kibiashara hawakulala. Kurasa za Bertolli za Ujerumani zilijaa ujumbe wa mapenzi na tambi kwa wote. Guido Barilla aliomba radhi kwa video, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikaunda bodi ya kuishauri kuhusu watu wa aina zote. Mwaka 2018 ilitoa boksi maalumu la tambi lililochorwa na Olimpia Zagnoli: wanawake wawili wanakula uzi mmoja wa spageti kutoka ncha mbili. Ni mafundi wa Snickers walewale kwa umbo, ila hapa hakuna anayeruka kwa mshtuko.

9. Kwa nini wazee wa harakati za haki za wapenzi wa jinsia moja Marekani wanataja maji ya machungwa?

Kwa sababu ya Anita Bryant. Alikuwa mwimbaji na malkia wa urembo wa zamani wa Oklahoma, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa sura ya machungwa ya Florida. Aliimba kwenye televisheni akiwa na jagi mkononi, na kaulimbiu yake ilijulikana nchi nzima: kifungua kinywa bila maji ya machungwa ni kama siku bila jua.

Mapema 1977 kaunti ya Dade, yenye mji wa Miami, ilipitisha kanuni ya kuzuia ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja katika ajira na nyumba. Bryant akaongoza kampeni ya kuifuta, aliyoipa jina la kuwaokoa watoto. Hoja yake kuu ilikuwa dhana kongwe na yenye madhara kuliko zote: kwamba watu hao huwawinda watoto ili kuongeza idadi yao. Tarehe 7 Juni 1977 wapiga kura waliifuta kanuni kwa wingi mkubwa.

Jibu lilikuja kupitia meza ya chakula. Baa za wapenzi wa jinsia moja zikaacha kuuza maji ya machungwa. Kinywaji maarufu cha vodka na machungwa kikabadilishwa, vodka ikachanganywa na maji ya tofaa, na kikapewa jina lake. Tume ya machungwa ya Florida haikuendelea naye mkataba wake ulipoisha 1980. Kaunti ile ilikuja kurudisha ulinzi huo mwaka 1998, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Tangazo lenyewe halikuwa na neno lolote la chuki. Lakini sura inayoaminiwa na mama wa nyumbani kila asubuhi ilihamisha imani hiyo kutoka kwenye jagi kwenda kwenye siasa, na ndiyo maana kisa hiki bado kinafundishwa.

## Matangazo yanayowaonyesha vizuri, au yanayodhani hivyo

10. Kuna tangazo la chakula lililofanya vizuri?

Yapo kadhaa. Machi 2014 biskuti za Honey Maid nchini Marekani zilionyesha familia za kila namna, wakiwemo baba wawili na mtoto wao mchanga. Matusi yalimiminika. Kampuni ikachukua ujumbe wa chuki, ikauchapisha kwenye karatasi, na wasanii wakazikunja karatasi hizo moja moja na kuzisimamisha mpaka zikaunda neno "upendo". Ujumbe wa kuwaunga mkono, uliokuwa mwingi mara kumi, ukawekwa kuzunguka neno hilo.

Supu ya Campbell's mwaka 2015 iliwaonyesha baba wawili wakimlisha mtoto huku kila mmoja akiigiza sauti ya Darth Vader wa filamu za Star Wars. Ninalipenda kwa sababu ni tangazo la wazazi wenye utani wa kizazi chao; hakuna anayesimama kutoa hotuba.

Na Taiwan, 2016, tangazo la kahawa la McDonald's: kijana anaandika kwenye kikombe chake kwamba anapenda wavulana na kumwonyesha baba yake. Baba anainuka na kuondoka. Anarudi, anachukua kalamu, anaongeza maneno machache ili isomeke kwamba amekubali kuwa kijana wake anapenda wavulana. Kundi la kidini lilitaka McDonald's wasusiwe. Miaka mitatu baadaye, Mei 2019, Taiwan ikahalalisha ndoa hizo. Sisemi kahawa ndiyo iliyobadili sheria. Nasema tangazo liliielewa mizania ya nyumba nyingi za kule, ambako jambo kubwa kati ya baba na mwana huenda lisitamkwe kabisa.

11. Vipi bidhaa zenye rangi za upinde wa mvua kila Juni?

Juni ndio mwezi wa wapenzi wa jinsia moja kudai haki, na rangi hizo ni alama yao. Bidhaa nyingine zina maana, nyingine ni kanzu ya Ijumaa tu. Oreo mwaka 2012 walitoa picha ya biskuti yenye tabaka sita za rangi wakati jambo hilo bado lilikuwa na gharama, walitishiwa kususiwa. Mwaka 2019 Marks & Spencer wa Uingereza waliuza sandwichi ambayo herufi za kwanza za viungo vyake zilisomeka LGBT, kifupi cha Kiingereza cha wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili na waliobadili jinsia. Walichangia fedha kwa mashirika yanayosaidia vijana hao, wakiwemo waliofukuzwa nyumbani, lakini wengi waliuliza kama utu wa mtu unalingana na saladi na nyama ya nguruwe.

Mbaya zaidi ni Burger King wa Austria, Juni 2022: baga zenye vifuniko viwili vya juu au viwili vya chini. Kwa msimu wa kudai haki, kampuni ilichagua mzaha wa chumbani, wa nani yuko juu na nani yuko chini. Ni dhana ileile ya zamani, kwamba watu hawa maisha yao yote ni ngono, safari hii imefungwa kwenye karatasi ya rangi. Wakala aliyelitengeneza aliomba radhi.

12. Mbona mifano yote ni ya wanaume? Wanawake hawapo?

Wapo kidogo, na huo uchache ni sehemu ya tatizo. Mwanamke kwenye tangazo la chakula tayari ameshapangiwa kazi ya kumlisha mume na watoto, hivyo wanawake wawili wasio na mume mezani wanakosa mahali pa kukaa. Wanapotokea, hasa kwenye matangazo ya bia, mara nyingi wamewekwa ili wanaume wawatazame. Boksi la tambi lililotajwa katika swali la 8 ni nadra kwa kuwa wanawake wake wanaangaliana wao kwa wao.

13. Kwa nini kampuni moja inaonyesha jambo nchi hii na kulificha nchi ile?

Kwa sababu ya hesabu za biashara. Coca-Cola waliwahi kuwa na tangazo lililoonyesha harusi ya wanaume wawili katika nchi kadhaa za Ulaya, huku toleo la Ireland likiwekewa harusi nyingine. Maelezo yao yalikuwa kwamba ndoa hizo bado hazikuwa halali huko. Mei 2015 Waayalandi wenyewe walizipitisha kwa kura ya maoni.

Hungaria, 2019, kampuni hiyohiyo ilionyesha msimamo kidogo: iliweka mabango ya wapenzi wa jinsia moja Budapest wakati wa tamasha la muziki la Sziget, mbunge wa chama tawala akataka Coca-Cola isusiwe, na baadaye kampuni ikapigwa faini ya forinti 500,000. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni chenji. Usisome ujasiri wa kampuni kwenye bango kabla hujaangalia bango hilo halikubandikwa wapi.

## Sheria, na hali ya kwetu

14. Kuna nchi yenye kanuni dhidi ya dhana hizi kwenye matangazo?

Uingereza ndiyo inayotajwa zaidi. Kanuni zao za matangazo zinataka uangalifu wa pekee kuhusu kuwaudhi watu kwa misingi ya umri, ulemavu, dini, mwelekeo wa kimapenzi na mingineyo. Tangu Juni 2019 zinakataza pia dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Moja ya matangazo mawili ya kwanza kuzuiwa lilikuwa la chakula: jibini ya Philadelphia, ambapo akina baba wanakolea kula mpaka wanawasahau watoto wao kwenye mkanda wa kubebea vyakula. Kumbuka kanuni hiyo haizuii kuonyesha mwanamke akipika au mwanamume akichoma nyama. Inaangalia madhara.

15. Je, matangazo ya Afrika Mashariki yana tatizo hili?

Kichekesho cha wazi kama cha Mr. T ni nadra kwenye televisheni zetu. Hofu ya uanaume, hiyo ipo tele, na inauzwa barabarani kila jioni.

Simama Dar es Salaam penye meza ya pweza. Sufuria inachemka, vipande vimepangwa kwenye sinia, vijiti na pilipili pembeni, na muuzaji anakuambia supu hii inarudisha heshima ya ndoa. Anayepita na mihogo mibichi, karanga na nazi ana maneno hayohayo. Mimi supu ya pweza naipenda, na sioni ubaya wa mtu kusifu biashara yake. Ubaya unaanza pale mteja anayesema hataki anapoulizwa, mbele ya wenzake, kama yeye ni mwanamume kweli. Kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu maneno yale yamepigwa msasa kidogo, lakini mantiki ni moja: kunywa, au tutakutilia shaka.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa kwetu iko kwenye dhana ya pili kati ya zile za swali la 1.

16. Mtangazaji wa hapa anaweza kuwaonyesha wapenzi wa jinsia moja?

Kisheria ni hatari kubwa. Sheria ya Uganda ya 2023 inaadhibu "kuhamasisha" kwa kifungo cha hadi miaka 20, na kampuni inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni moja za Uganda. Kenya na Tanzania kanuni za adhabu zinaharamisha vitendo vyenyewe, na wasimamizi wa maudhui wana mkono mzito: mwaka 2016 bodi ya filamu ya Kenya ilitaka hata busu la mwanamume na mwanamke liondolewe kwenye tangazo la Coca-Cola. Simshauri mtu yeyote apuuze sheria ya nchi yake.

Lakini hakuna sheria yoyote kati ya hizo inayomlazimisha mwandishi kumdhihaki mtu. Kuacha kejeli hakuhitaji kibali.

## Maswali magumu

17. Kama mhusika mwenyewe amekubali kuigiza, bado kuna kosa?

Ndiyo. Aless Gibaja katika tangazo la Hispania alikuwa akiigiza madaha yake mwenyewe na hakulazimishwa. Ila hadithi inayomgeuza kuwa mtu mwingine ndipo apate nafuu iliandikwa na kuidhinishwa na kampuni, na inamfikia mtoto wa miaka 12 ambaye hakusaini mkataba wowote. Lawama ziende kwa walioidhinisha. Kumwandama mwigizaji ni kurudia kosa lilelile.

18. Na kama tangazo halikusema kwamba mhusika ni shoga?

Utetezi huu hutolewa mara nyingi. Ni kweli, mtembea kwa kasi wa swali la 5 hakutajwa chochote. Ni mwanamume anayefanya mchezo wa Olimpiki. Lakini maneno aliyotupiwa, kwamba ni aibu kwa wanaume na akimbie kama mwanamume halisi, ni yaleyale wanayotupiwa watu kabla ya kupigwa. Tangazo linategemea mtazamaji amalizie mwenyewe, na asipomalizia hakuna kicheko.

19. Kususia bidhaa kunasaidia?

Wakati mwingine. Barilla walibadilika, machungwa ya Florida yaliachana na Bryant. Wafahamu pia kwamba silaha hii haina upande: Aprili 2023 wanywaji wengi wa Marekani waliisusia Bud Light baada ya kushirikiana na Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia kutoka ya kiume, na bia hiyo ikapokonywa nafasi ya kwanza kwa mauzo na Modelo Especial. Kampuni ikayumba, haikumtetea wala kuwatuliza waliokasirika. Kesi hiyo inahusu jinsia ya mtu kuliko anayempenda, lakini watu wa masoko wanaitaja kila kikao, na imewafanya wengi wanyamaze.

Kama unataka tangazo liondolewe, malalamiko yenye ushahidi yana uzito kuliko hasira za mtandaoni. Andika kituo, tarehe na saa, eleza kinachoonekana hatua kwa hatua, kisha useme nani anadhalilishwa na kwa namna gani. Tanzania peleka kwa Kamati ya Maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na nakala kwa kampuni yenyewe.

20. Mimi ni mwandishi wa matangazo na mteja anataka "kitu cha kiume". Nifanyeje?

Muulize bidhaa yake inafanya nini mdomoni. Inakwaruza, inalainika, inawasha, inashibisha mpaka jioni? Andika hicho. Mteja akishikilia uanaume, mpe mwanamume anayefanya jambo analolijua, fundi, mvuvi, baba anayesonga ugali wa watoto, bila kumweka pembeni yake mwingine wa kuchekwa. Kisha ondoa bidhaa kwenye hadithi yako na uisome tena. Kilichobaki kikiwa ni mtu anayenyanyaswa, anza upya.

21. Mwanangu wa kiume amekataa mtindi, anasema ni wa kike. Tangazo ndilo lililomfundisha?

Huenda ni tangazo, huenda ni wenzake waliolitazama. Usimgombeze, na usimbadilishie chakula ili yaishe. Tangazo lile likirudi, litazameni pamoja na umuulize maswali mawili: nani anachekwa hapa, na amekosa nini? Watoto huyajibu vizuri kuliko watu wazima wengi. Halafu mpe kazi jikoni. Mtoto aliyechemsha maziwa mwenyewe, akayaacha yapoe, akatia mtindi kidogo wa jana na kuyafunika mpaka asubuhi, atabishania kipimo cha sukari na atasahau ni ya nani.